Kuitembelea Tyntesfield: anzia kwenye mboga, nyumba ije baadaye

Mara ya kwanza nilipokwenda Tyntesfield nilifanya wanavyofanya wageni wengi. Nilitoka mapokezi, nikaishika njia, nikaiona nyumba imesimama na vimnara vyake, nikaingia. Baada ya saa moja na nusu nikatoka macho yamechoka: mazulia, saa za ukutani, picha za mababu, vyombo vya fedha, basi. Ungeniuliza nimeona nini ningekujibu "vitu vingi".

Mara ya pili nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza. Yeye ni mkulima. Tulipofika tu akasema, "Nyumba ya watu haikimbii, mwanangu. Nionyeshe kwanza wanalima wapi." Tukaipita nyumba, tukateremka hadi bustani ya mboga, na siku hiyo ndipo nilipoielewa Tyntesfield. Mwongozo huu unafuata njia ya shangazi.

Kwa asiyeijua: Tyntesfield iko Wraxall, kilomita 11 hivi kutoka mji wa Bristol, kusini magharibi mwa Uingereza. Ni nyumba ya familia moja, akina Gibbs, waliokaa hapo vizazi vinne kuanzia mwaka 1843 hadi 2001. Ilijengwa upya kati ya 1863 na 1865, katikati ya enzi ya Malkia Victoria, na tangu hapo kila kizazi kiliongeza kitu lakini karibu hakuna kilichotupa. Hilo ndilo linaloitofautisha na majumba mengine makubwa ya huko, ambayo mengi yaliuzwa samani kipandekipande mpaka zikabaki kuta. Hapa vitu vilivyoorodheshwa vimezidi 50,000, kuanzia vikombe vya kanisani hadi midoli.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Chagua siku kwa kuangalia bustani, si kalenda ya likizo

Nyumba haibadiliki sana. Bustani hubadilika kila baada ya wiki tatu nne, kwa hiyo bustani ndiyo ikuchagulie siku.

Aprili na Mei maua ya masika hupangwa kwa vitanda kwenye uwanja wa mbele ya nyumba, na miti ya maua huko pembeni huchanua mpaka ardhi ikageuka rangi. Juni ni mwezi wa waridi. Agosti mpaka Oktoba mwanzoni ni zamu ya dalia, yale maua manene yenye asili ya Mexico ambayo mengine hufikia ukubwa wa sahani ya chai. Mimi ukiniuliza nitakwambia Septemba: dalia zipo, maboga yapo, tufaha zinaiva, na shule zimefunguliwa, kwa hiyo hakuna msongamano. Desemba watu huenda kuona nyumba imepambwa kwa Krismasi. Ni nzuri, lakini bustani imelala na giza linaingia saa kumi jioni.

Siku ya wiki ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili. Kabla ya kutoka angalia tovuti ya National Trust, shirika linaloitunza nyumba hii, maana saa za bustani na saa za nyumba si zilezile: bustani hufunguliwa mapema, nyumba baadaye. Siku za watu wengi kuingia nyumbani huwa kwa zamu za saa maalumu. Ile mara ya kwanza nilifika saa nane mchana nikadhani nimewahi, kumbe zamu za mapema zimeshajaa. Nikakaa kwenye benchi na kikombe cha chai mpaka ya kwangu ilipofika. Ukitaka utulivu, fika saa nne asubuhi.

Tiketi si rahisi, nisikudanganye. Kama unaishi Uingereza na unapenda matembezi ya namna hii, piga hesabu ya uanachama wa mwaka, kwa sababu mwanachama huingia bila kulipa katika mamia ya sehemu za shirika hilo. Ukitembelea nne au tano kwa mwaka ada imejilipa. Mgeni wa wiki mbili aulize kama kuna pasi za muda mfupi.

Shangazi aliniuliza kama National Trust ni serikali. Si serikali. Ni shirika la hiari lililoanzishwa mwaka 1895 kutunza ardhi na majengo kwa niaba ya umma, na fedha zake nyingi hutoka kwa wanachama, wageni na watu wanaoliachia mali katika wosia.

2. Usafiri na viatu

Mwenye gari hana shida, maegesho yapo. Asiye na gari atoke London kituo cha Paddington kwa treni hadi Bristol Temple Meads, mwendo wa saa moja na dakika arobaini hivi kwa treni za moja kwa moja. Kutoka Bristol kuna mabasi ya kuelekea Nailsea na Clevedon. Muulize dereva kabla ya kupanda kama anapita Wraxall. Kituo cha treni cha karibu zaidi kinaitwa Nailsea and Backwell, lakini kutoka hapo bado kuna kilomita tatu au zaidi, na barabara za vijijini huko ni nyembamba, pengine hazina hata pa kutembea kwa miguu. Usijaribu na watoto. Agiza teksi, na agiza mapema, tena upigiwe simu ya kuthibitisha. Sisi tulimngoja mmoja dakika hamsini, na alipofika akatuambia alikuwa anatutafuta kituo kingine kabisa.

Viatu viwe vya kutembelea, visivyo na kisigino chembamba. Visigino hutoboa sakafu za mbao za zamani, na mlangoni wanaweza kukuzuia. Koti la mvua chukua hata kama jua linawaka. Begi la mgongoni liwe dogo, maana ndani ya nyumba utatakiwa ulibebe mbele au uliache.

3. Ipite nyumba

Mapokezi yako kwenye majengo yaliyokuwa zizi na ghala za shamba la familia, sehemu inayoitwa Home Farm. Hapo ndipo penye vyoo, mkahawa, duka la mimea na duka la vitabu vya mitumba. Maliza haja zako hapo, kisha shuka na njia. Mwendo wa dakika kumi hivi, nyumba itajitokeza, na utataka kuingia.

Usiingie. Isimamie dakika tano tu ukiwa nje.

Angalia mawe. Ni ya rangi ya asali, na kwenye vichwa vya nguzo na kingo za milango mafundi wamechonga majani na maua, ya kweli kiasi kwamba mtu wa mimea ataweza kuyataja. Msanifu wake, John Norton, aliijenga kwa mtindo wa Kigothi, ule wa makanisa ya kale ya Ulaya: madirisha yenye ncha juu, paa za mteremko mkali, minara. Mnara mkubwa zaidi hauuoni tena, ulibomolewa mwaka 1935 baada ya mbao zake kuoza. Na upande mmoja palikuwa na jumba la vioo lenye kuba, nalo lilishaondolewa kabla ya hapo. Kwa hiyo hiyo unayoiona, pamoja na ukubwa wake wote, imepunguzwa.

Wakati kuta hizi zinapanda, katikati ya miaka ya 1860, huko kwetu Sayyid Majid wa Unguja naye alikuwa na mafundi wake bandarini anaanza kujenga Dar es Salaam. Mimi hunisaidia kuweka miaka sawasawa kichwani.

Haya, endelea kushuka.

4. Bustani ya mboga: kaa hapa usiondoke

Bustani ya mboga imezungushiwa ukuta. Ukuta huo si wa kuzuia wezi peke yake. Tofali hunyonya joto la jua mchana na kulitoa usiku, kwa hiyo miti ya matunda iliyolazwa ukutani hupata hali ya hewa ya nchi iliyo kusini zaidi. Matawi yamefungwa kwa waya yakanyooshwa kushoto na kulia kama mtu aliyefungua mikono, kila tunda lipate jua lake. Shangazi aliutazama mti mmoja wa peasi uliolazwa hivyo, akatikisa kichwa: "Huu wameutundika."

Kando kuna nyumba za vioo. Katika enzi ya Victoria tajiri hakujivunia mboga zenyewe, alijivunia kuzila wakati si wake: zabibu, pichi, tikiti, stroberi mezani wakati nje kuna barafu. Hilo lilitaka mabomba ya maji ya moto, makaa ya mawe, na vijana wa kuamka usiku wa manane kuchochea moto. Ukiingia humo, angalia madirisha ya juu yanavyofunguliwa kwa gurudumu moja la mkono, vyuma vyote vikisogea pamoja. Nilikizungusha macho kile kifaa muda mrefu kuliko nilivyoitazama picha yoyote ndani ya nyumba.

Karibu na hapo limesimama jengo la tofali nyekundu na mawe, zuri kuliko linavyostahili kuwa jirani wa vitunguu. Ni nyumba ya michungwa, iliyobuniwa na Walter Cave mwishoni mwa miaka ya 1890. Michungwa na milimau ilipandwa kwenye vyungu vikubwa. Wakati wa joto inatolewa nje, wakati wa baridi inarudishwa ndani. Shirika lilipolichukua eneo hili jengo lilikuwa katika hali mbaya, nusura lianguke. Limetengenezwa, na sehemu ya kazi hiyo ikawa darasa la vijana wanaojifunza ufundi wa mawe.

Bustani hii bado inafanya kazi. Mboga zake huliwa mkahawani, maua yake hukatwa na kupambia nyumba. Kwa hiyo utawakuta watunza bustani na toroli zao, na hao ndio watu wa kuzungumza nao. Wanapenda kuulizwa. Usiogope Kiingereza chako, uliza kwa kidole kama hapana budi.

Shangazi alimsimamisha mama mmoja mwenye magoti ya udongo, akanituma nimtafsirie:

"Muulize, mnatia samadi gani?"

Nikauliza. Yule mama akatuonyesha lundo la mboji lililofunikwa, majani na mabaki ya jikoni, na samadi ya ng'ombe iliyokaa mwaka ikapoa. Shangazi akachukua konzi moja, akaifinya, akainusa, akamrudishia kichwa cha kukubali. Kisha nikamwambia jambo nililokuwa nimeliweka akiba tangu kwenye treni.

"Shangazi, nyumba yote hii ilijengwa kwa samadi."

"Samadi ya nini?"

"Ya ndege."

"Kuku?"

"Ndege wa baharini. Huko Peru."

Akakaa kimya kidogo. "Basi, mwanangu," akasema, "mavi ni mavi."

5. Hesabu ya fedha uifanye hapahapa

Hii ndiyo sababu nasema anzia kwenye mboga. Ukiisikia habari ya guano, hiyo samadi ya ndege, ndani ya nyumba, umezungukwa na mapazia ya hariri, utacheka tu upite. Ukiisikia umesimama kwenye udongo, inaingia.

William Gibbs alizaliwa Madrid mwaka 1790, mtoto wa mfanyabiashara Mwingereza. Kampuni ya familia, Antony Gibbs & Sons, ilikuwa ikifanya biashara na Hispania na baadaye Amerika Kusini. Kuanzia mwaka 1842 ikapata mkataba na serikali ya Peru wa kuuza guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana katika visiwa vya Chincha. Kule mvua karibu hainyeshi. Mnandi, mwari na wenzao walikaa kwenye miamba hiyo karne kwa karne wakila samaki, na kwa kuwa hapakuwa na maji ya kuiosha nguvu yake, samadi ikapanda mpaka kufikia makumi ya mita. Wenyeji wa Peru walishajua thamani yake tangu zamani. Hata jina guano limetoka katika lugha yao ya Kikechua. Wakulima wa Uingereza walipoijaribu kwenye mashamba yao mavuno yakapanda, wakawa hawashibi. Gibbs akawa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa nchini mwake wasio na vyeo vya kifalme. Watu wa mjini walimtungia mashairi ya kumcheka, na kuna waliomcheka huku wakitamani.

Sasa upande wa pili. Samadi ile haikujichimba. Visiwani walifanya kazi watumwa, wafungwa, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 Wachina waliosafirishwa kwa mikataba ambayo wengi wao hawakuielewa, chini ya mijeledi, katika vumbi lenye harufu ya amonia inayochoma macho na mapafu. Wengi walikufa. Wapo waliojitupa baharini. Gibbs mwenyewe hakuchimba, aliuza. Serikali ya Peru na makandarasi wake ndio walioendesha uchimbaji. Lakini kila gunia lililopita mkononi mwa kampuni lilitoka huko, na mkataba ulidumu hadi 1861. Miaka miwili baadaye ujenzi wa nyumba ukaanza.

Sisemi uzunguke nyumba ukinuna. Nasema ukipanda sasa kuelekea juu, uwe unajua unapanda nini.

6. Njia ya kurudi juu

Usirudi kwa barabara uliyoshukia. Pita kwenye bustani za mapambo. Kuna njia iliyopangwa miti ya holi pande zote mbili, miti ya majani mabichi yenye miiba, imekatwa mviringo kama miavuli iliyofumbuliwa nusu. Kuna bustani ya waridi yenye vibanda viwili vya kupumzikia, na ndani yake kuta zimepambwa vigae vya rangi. Watoto watapenda zaidi ile nyumba ndogo ya ndege ambayo baadaye ilifanywa ya kuchezea watoto wa familia.

Uwanja wa mbele ya nyumba ndio wenye vitanda vya maua vilivyopangwa kwa rula. Mimi si mpenzi wa mtindo huo, maua yamesimama kama askari wa gwaride, lakini ndivyo walivyopenda watu wa enzi ile, na kuvipanda upya mara mbili kwa mwaka ni kazi ya maelfu ya miche. Geuka uipe nyumba mgongo. Bonde lote lililo mbele yako lilikuwa lao.

Chakula ule sasa, kabla ya kuingia ndani, maana humo hairuhusiwi kula wala kunywa.

7. Ndani: chagua vitu vitano

Mlangoni watakueleza masharti. Usiguse. Picha unaweza kupiga ila bila flashi. Utaona vyumba vina giza na mapazia yameshushwa, usidhani ni ubahili wa umeme: mwanga huunguza rangi za vitambaa na karatasi za ukutani pole pole, na rangi ikishaondoka hairudi. Adui wengine ni vumbi, nondo wa kula sufu, na jasho la vidole vyetu.

Katika kila chumba kuna mhudumu wa kujitolea. Wengi ni wastaafu, na ukiwa umelelewa pwani ulimi utakuwasha kutoa shikamoo. Salamu ya kawaida inatosha. Usiwaulize "hiki ni nini" tu, waulize "wewe kitu gani unakipenda humu?" Hapo ndipo wanapoacha maelezo ya kukariri.

Usijaribu kuona vyote. Mimi huwashauri watu wachague vitano. Vyangu ni hivi.

Maktaba, kwa ajili ya dari lake la mbao na kwa sababu vitabu vilisomwa, si pambo. Kaa humo uvute hewa, harufu ya ngozi na karatasi bado ipo.

Chumba cha biliadi. Meza yake ina mabomba ya kuipasha joto ili mipira iteleze vizuri, na pointi zilihesabiwa kwa vitufe vya umeme. Ni ubunifu wa watu wenye nafasi na fedha na jioni ndefu za baridi.

Ngazi kuu na ukumbi wake. Mwana wa William, Antony, alimwita msanifu mwingine, Henry Woodyer, miaka ya 1880 abadilishe sehemu hii pamoja na chumba cha kulia. Angalia mahali mbao mpya zilipoungana na za kwanza.

Cha nne ni cha kutafuta. Antony huyo alikuwa na burudani ya kukereza pembe za ndovu kwa mashine, na kazi za mikono yake zimo katika mkusanyo wa nyumba. Muulize mhudumu kama siku hiyo kuna zilizowekwa hadharani. Kwa miaka ile Unguja ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za pembe duniani, na London ilikuwa mojawapo ya masoko yake makubwa. Pembe zilifika Bagamoyo mabegani mwa wapagazi. Nilipomweleza shangazi, aliuliza swali moja tu: "Na nyama waliila nani?"

Cha tano ni ngazi za nyuma na vyumba vya kazi. Kengele za kuwaitia watumishi zimepangwa, kila moja na chumba chake. Ngazi za mbele zina zulia, za nyuma ni mawe na mbao tupu zilizolika katikati. Weka mguu wako kwenye ule uchimbo ulioliwa na nyayo. Unakaa sawasawa.

Bwana wa mwisho wa nyumba, Richard Gibbs, Lord Wraxall wa pili, hakuoa. Alikaa humu peke yake akitumia vyumba vichache, vingine vikibaki vimefungwa na vumbi lake. Alipofariki mwaka 2001 mirathi ilikuwa igawanywe kwa watu 19, na hiyo maana yake ni mnada. Yale yaliyofuata nadhani ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote: watu wa kawaida, wengi wao hawajawahi kukanyaga pale kwa sababu palikuwa kwa mtu, walichanga. Katika siku 100 hivi zikapatikana zaidi ya pauni milioni 8, mfuko wa taifa wa urithi ukatoa milioni 17.4, na mwaka 2002 National Trust ikanunua nyumba na ekari 540 za ardhi. Baada ya wiki kama kumi milango ikafunguliwa, mabomba yanavuja, paa linahitaji kuezekwa upya, vitu bado havijaorodheshwa. Waliwaingiza wageni kwa makundi madogo katikati ya kazi. Wangeweza kufunga miaka mitano wakasafisha. Hawakufanya hivyo, na wala hawakuing'arisha nyumba ikawa mpya. Ndiyo maana utaona televisheni ya kizamani imekaa jirani na kabati la mwaka 1860. Familia ndivyo ilivyoacha.

8. Kanisa liwe la mwisho

Nyumba imeunganishwa na kanisa lake, na hilo usiliruke hata kama miguu inauma. Limejengwa na msanifu Arthur Blomfield miaka ya 1870 kwa mfano wa kanisa la kale la Sainte-Chapelle huko Paris: jembamba, refu kwenda juu, madirisha ya vioo vya rangi, sakafu ya vipande vidogo vya mawe vilivyopangwa picha. William alikuwa mtu wa dini sana. Ndiye aliyelipia pia kanisa la Chuo cha Keble huko Oxford. Hapa familia na watumishi walikusanyika kwa sala kila siku, kila mtu mahali pake.

Alitaka azikwe humu. Kanisa la parokia halikukubali, na alipofariki mwaka 1875 akazikwa katika kanisa la kijiji cha Wraxall, kwa miguu si mbali. Mwenye kumiliki bonde zima akakosa mita mbili za sakafu yake mwenyewe.

Ukae dakika kumi. Jua la mchana likiingia kupitia vioo, rangi hutembea sakafuni polepole.

9. Kuondoka

Njia ya kurudi Home Farm inapanda, wazee wapumzike njiani. Duka la mimea huuza miche, na duka la vitabu vya mitumba mara nyingi lina vitabu vya bustani kwa bei ya kikombe cha chai.

Jambo moja kwa wanaosafiri kurudi nyumbani: miche, vizizi na mbegu huwezi kuvitia begini ukapanda navyo ndege hivihivi. Vinahitaji cheti cha afya ya mimea, na udongo ndio kabisa, uwanja wa ndege watauchukua. Shangazi alikuwa ameshanunua kizizi cha dalia nyekundu nilipomweleza. Tukakipanda kwangu, kwenye ndoo, nyuma ya jiko. Kila Septemba namtumia picha, naye kila mara huandika neno lilelile: "Umetia samadi?"